Limi Ameacha Kuchuchumaa

Jumanne, Julai. Jioni, upepo mkavu.

Tangu asubuhi upepo umekuwa ukiokota nyuzi za pamba kwenye malori na kuzitundika kwenye miiba ya ua, mpaka barabara yote ya kiwandani imeota mvi. Macho yananiwasha. Wenzangu wanadhani ni vumbi la pamba, na sikuwasahihisha.

Niko peke yangu ofisini. Mtandao huu uliletwa kwa ajili ya bei za pamba, maana siku hizi kampuni za kununua ni nyingi na kila moja inataka kujua mwenzake amefikia wapi. Jioni, kelele za bei zikishatulia, meneja huniruhusu niutumie kidogo. Ndipo huandika humu, bila kutaja jina langu, kwa watu nisiowajua. Leo nashukuru kwamba siwajui.

Kesho kabla ya adhuhuri daktari wa Mwanza anataka jibu: mdogo wangu apasuliwe moyo, au asipasuliwe.

Jibu hilo nimeachiwa mimi nilitoe.

Nitaeleza polepole, kwa sababu nikiandika haraka nitalia, na mlinzi amekaa karibu na dirisha.

Mdogo wangu anaitwa Limi. Ndilo jina lake kweli. Sina nguvu ya kumtungia jingine. Ni kitinda mimba wa mama yetu. Ana miaka tisa, lakini ukimwona utasema sita. Anaishi nyumbani, kijijini upande wa Dutwa, pamoja na Baba, Mama, na Bibi mzaa baba. Mimi nimepanga chumba hapa Bariadi, na siku za mapumziko narudi nyumbani.

Kwetu msichana hamsalimii mkubwa akiwa amesimama. Unashuka chini, kwa kupiga magoti au kwa kuchuchumaa, unasema mwangaluka kama ni asubuhi, au mwadila kama jua limeshageuka, na unabaki hapo chini mpaka uulizwe habari za watu na za mifugo. Mimi nilifundishwa hivyo kwa kofi la Bibi la mgongoni. Limi hakufundishwa na mtu. Tangu alipojua kutembea, akimfikia mtu mzima anachuchumaa, magoti yamegusa kifua, kichwa kimeinama, anasalimia kwa sauti ndogo inayokatikakatika, na hana haraka ya kuinuka. Wasichana wengine hugusa chini na kuruka kama waliokanyaga kaa la moto. Limi alikaa.

Basi sifa zake zikafika mbali. Wageni waliuliza tulimlisha nini. Jirani yetu mmoja, mwanamke wa maneno mengi, alimwambia Mama mbele ya watu waliokuja kupalilia:

"Mama Limi, huyu asiguswe na mtu. Mwanangu anachunga ng'ombe wa kumuolea."

"Mwanao mwenyewe bado anakojoa kitandani," Mama akamjibu.

"Ndiyo maana anahitaji mke mwenye adabu!"

Mama alicheka siku nzima.

Aliyejivuna kuliko wote ni Bibi. Limi alipewa jina la mama mkwe wa Bibi, mwanamke ambaye inasemwa hakuwahi kupishana na mkubwa njiani bila kushuka chini. "Amerudi," Bibi alikuwa akisema. "Amerudi na adabu yake." Na kila Limi alipochuchumaa, Bibi alimwitikia kwa heshima mara mbili, mara moja kwa ajili ya mtoto na mara nyingine kwa ajili ya marehemu.

Hata alipochuchumaa mahali pasipo na mtu, tulipata la kusema. Akitoka kisimani aliweza kusimama ghafla katikati ya ngitili, yale malisho tunayoyafunga ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi, akachuchumaa peke yake kwenye majani. Tulimpigia kelele kutoka uani, "Limi, unamsalimia nani huko?" Naye akajibu, "Ng'ombe!" Tukacheka. Hakuwa na pumzi ya kusema neno la pili, nasi tulicheka.

Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau, tukaizoea. Ncha za vidole vyake zilinenepa zikawa mviringo, na Baba akasema atakuwa mpiga ngoma. Akichoka sana Mama alimpeleka dukani. Siku hizi hata senta ndogo ina maduka ya dawa baridi mawili matatu yanayotazamana, na kila duka lilikuwa na jina lake la ugonjwa: malaria, minyoo, damu pungufu. Tulinunua dawa ya kuongeza damu, chupa baada ya chupa. Hakuna aliyemwekea sikio kifuani. Siwalaumu. Sisi tuliolala naye kitanda kimoja tulisikia moyo wake ukinguruma kama paka, tukasema ndivyo anavyolala.

Na mimi nilisoma biolojia mpaka kidato cha sita. Niliuchora moyo kwa penseli nyekundu na ya buluu, vyumba vinne, mishale ya damu inakokwenda na inakotoka, na mwalimu akauonyesha mchoro wangu darasani. Halafu nikawa narudi likizo, napokewa njiani na moyo wenyewe, umechuchumaa, unaniambia mwadila, dada.

Mwezi uliopita alizimia shambani. Daktari wa hapa wilayani alimsikiliza kifuani, akamsikiliza tena, akasema tumpeleke Mwanza bila kuchelewa. Niliomba ruhusa kazini tukaenda watatu, Mama, Limi na mimi.

Chumba cha daktari kilikuwa juu ya ngazi. Limi alipanda kidogo, akachuchumaa. Akapanda tena kidogo, akachuchumaa tena. Wauguzi waliokuwa wakishuka walimpapasa kichwani. "Jamani, mtoto wa watu," mmoja akasema, na Mama akaitika "wabeja", asante, kana kwamba ni yeye aliyesifiwa.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyoshuka puani. Limi alikwenda moja kwa moja mbele ya meza yake, akachuchumaa, akasema mwadila.

Mama alinitazama akitabasamu. Hata pale, na hofu yote aliyokuwa nayo, alitabasamu, kama kuniambia: unaona, hata mjini hajasahau.

Daktari hakuitikia. Aliinuka, akaizunguka meza, akachuchumaa naye uso kwa uso. Akamtazama midomo. Akamshika vidole kimoja kimoja.

"Huwa anachuchumaa hivi?"

"Kila anapomwona mkubwa," Mama akasema. "Hata asiyemjua. Ana heshima sana huyu, daktari. Hata hatukumchapa."

"Na akiwa peke yake?"

Nilimwona Mama akitafuta. Nilimwona akifika mpaka kwenye ngitili.

"Hata akiwa peke yake," akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Walimpiga picha ya moyo kwa mashine, gizani, moyo wake ukichezacheza kwenye kioo kama kitu kilichonaswa. Baadaye daktari alitukalisha. Akamuuliza Mama, "Kwenu mna ng'ombe?"

"Daktari, sisi ni Wasukuma," Mama akajibu.

Daktari akacheka kidogo, kisha akamweleza kwa ng'ombe. Fikiria zizi lenye ukuta katikati. Upande mmoja wamo ng'ombe waliorudi na kiu, wanasubiri kwenda bwawani. Upande wa pili wamo waliokwisha kunywa, wanasubiri kwenda kulima. Bwawa ndilo mapafu, na maji ndiyo hewa. Sasa, ukuta wa zizi la Limi una tundu tangu alipokuwa tumboni, na lango la kwenda bwawani ni jembamba mno. Ng'ombe wenye kiu wakisongamana langoni, wengine wanapenya tunduni, wanaingia kundi la waliokunywa, wanatoka kwenda kulima na kiu yao. Ndiyo maana midomo ni ya zambarau. Ni damu iliyokwenda kazini bila kunywa.

"Na kuchuchumaa?" niliuliza mimi.

Akasema magoti yakikunjwa, njia za damu za miguuni zinabanwa. Kundi linakosa pa kutokea upande huo, kwa hiyo ng'ombe wengi zaidi wanasukumwa kuelekea bwawani. Mtoto anapata nafuu. Hakuna aliyemfundisha. Mwili wake uliigundua njia hiyo wenyewe, na bila hiyo huenda asingefika miaka tisa.

Mama aliuliza ni nani aliyefanya kosa, yeye alikula nini, alipita wapi akiwa na mimba. Daktari akamshika mkono akamwambia hakuna. Watoto wengine huzaliwa hivyo, kwa matajiri na kwa maskini, na mara nyingi hakuna anayeweza kuonyesha kidole kwamba sababu ni hii. Mama aliitika kwa kichwa. Sidhani kama aliamini.

Kisha akatuambia mambo mawili. La kwanza, tundu huzibwa na lango hupanuliwa, kwa upasuaji unaofanyika Dar es Salaam. Wengi huamka na kupona. Wachache hawaamki, na kwa mtoto aliyecheleweshwa kama Limi hatari ni kubwa zaidi. Bila upasuaji ataendelea kupungua, na siku moja kuchuchumaa hakutatosha. La pili, kwa sasa tumwache achuchumae popote na wakati wowote, na akizidiwa tumlaze tumkunjie magoti kifuani.

Hilo la pili ndilo tuliloliharibu.

Tulipofika nyumbani watu walikuwa wanatusubiri uani. Mimi ndiye niliyesoma, kwa hiyo mimi ndiye niliyesimama kueleza. Mimi ni mtu wa maneno yaliyonyooka. Kazini wananisifu kwa hilo. Nikasema wazi, ili mtu yeyote asielewe vibaya: kuchuchumaa kwa Limi si heshima, ni ugonjwa.

Limi alikuwa pembeni anamenya karanga. Hakuna aliyemwangalia.

Bibi akaniuliza kama huko shule walinifundisha kuwaita marehemu wagonjwa. Nikajaribu kumwambia kwamba sijamtaja marehemu. "Umemtaja," akasema. "Jina ni moja." Akaingia ndani, na tangu siku hiyo salamu yangu anaiitikia nusu.

Baada ya hapo, kila Limi alipochuchumaa, Mama alijifunika uso kwa kanga. Kila alipochuchumaa, Baba aligeuka akatazama zizi. Yule jirani wa maneno mengi alikuja kutusalimia, Limi akashuka chini mbele yake, na yeye, aliyekuwa hakosi la kusema, akakosa. Akamwambia, "Inuka, mwanangu, inuka, pole." Pole! Mtoto aliyezoea kupewa sifa sasa anapewa pole.

Hayo niliyasikia baadaye, kwa sababu mimi nilikuwa nimerudi hapa kupokea marobota ya pamba.

Jumapili iliyopita nilikwenda nyumbani. Limi alinipokea njiani kama kawaida. Alikuja akitembea haraka, akafika, akasimama.

Akasimama wima kama nguzo, mikono ubavuni. "Mwadila, dada," akasema.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifikiri dawa tulizopewa Mwanza zimeanza kufanya kazi. Nilimwambia, "Limi, umepata nguvu!" Akatikisa kichwa kukubali, midomo ameikaza. Nilidhani anajizuia kucheka.

Alasiri walikuja wageni wa Bibi, wanawake wazee wa ukoo. Limi alitumwa awapelekee maji ya kunawa. Alimsalimia wa kwanza akiwa amesimama, nikaona Bibi akikunja uso. Akamsalimia wa pili. Maji yalikuwa yanatetemeka ndani ya beseni. Alipofika kwa mzee aliyekaa mwisho alifungua mdomo, salamu haikutoka. Midomo ilikuwa imekuwa ya buluu nyeusi. Akaanguka na beseni lake.

Nilimkunja. Sijui nilifikaje pale. Nilimlaza ubavu kwenye tope la maji yale, nikamsukuma magoti mpaka kifuani, nikamkumbatia hivyo, Mama akipiga mayowe juu yetu. Nilisema jina lake tu. Baadaye rangi ilianza kurudi, kidogo kidogo, kwanza kwenye masikio.

Alipoweza kuzungumza nilimuuliza, "Limi, kwa nini hukuchuchumaa?"

Akanitazama kama niliyesahau jambo dogo.

"Si ulisema ni ugonjwa? Nimeuacha."

"Umeuacha?"

"Ndiyo." Akapumua. "Mama halii tena."

Mama halii tena.

Nimeiandika mara mbili kwa sababu tangu Jumapili inanipigia kichwani. Siku zote hizo alikuwa anasimama. Anatoka kisimani, kifua kinamlilia ashuke, anasimama. Alielewa kwamba ana ugonjwa na ugonjwa huo unaliza watu, akauacha, kama mtoto anavyoambiwa aache kunyonya kidole. Tulimchukulia kitu kimoja alichokuwa nacho cha kujisaidia, tukakiita kwa jina baya mbele yake, naye kwa utiifu akakitupa.

Kumbe adabu alikuwa nayo. Hii ndiyo adabu yenyewe, na ilitaka kumuua.

Bibi alisema neno moja tu wageni walipoondoka. "Mlianza kumnyang'anya adabu. Leo mmemnyang'anya na pumzi. Hiyo Dar es Salaam mtamnyang'anya nini?" Anampenda. Anaogopa visu, na anaogopa kwamba marehemu akifunguliwa kifua mara hii hatarudi tena.

Jana, Jumatatu, daktari wa Mwanza alinipigia simu kazini. Madaktari wageni wako Dar es Salaam kwa muda mfupi wakifanya upasuaji wa moyo kwa watoto. Mtoto mmoja aliyekuwa afanyiwe amepata homa, nafasi imebaki. Limi anaweza kuchukua nafasi hiyo, lakini wanahitaji neno letu Jumatano kabla ya adhuhuri ili tusafiri Alhamisi. Nikauliza kama kuna nafasi nyingine mbele. Akasema hawezi kuniahidi, na kwa alivyoiona picha ile, asingependa tusubiri ili tujue.

Niliomba ruhusa, nikapanda gari la mchana mpaka nyumbani. Baba alikuwa zizini. Nilimweleza. Alisikiliza huku akimkagua mtamba mmoja kwato, na hata nilipomaliza aliendelea kukagua kwato ile ile.

"Mama yangu anasema hapana," akasema hatimaye. "Mama yako anasema ndiyo. Mimi ng'ombe akiumwa namjua. Mtoto huyu nilimtazama miaka yote nisimjue." Akaiachia kwato. "Wewe ndiye uliyesoma, mwanangu. Utakaloamua nitalisema mimi, kwa sauti yangu. Watu watajua limetoka kwangu."

Baba yangu hajawahi kunipa kitu kikubwa hivyo. Alikuwa ananipa ukuta wa kujificha.

Nikarudi Bariadi leo alfajiri na jibu likiwa bado halijapatikana.

Leo kazini nimekosea kila kitu. Nimepeleka lori la Maswa kwenye ghala lisilo lake, likasimama katikati ya uwanja likizuia mengine, madereva wakipiga honi. Masalu, yule anayesimamia mizani, akaniita kwa sauti mbele ya vibarua wote: "Karani, leo umependa nani? Mwambie akurudishie akili, tunaihitaji mpaka msimu uishe!" Watu wakacheka. Nami nikacheka. Kisha nikaenda nyuma ya ghala, nikasimama kati ya marobota, mahali ambapo sauti haitoki.

Pale ndipo nilipojiambia ukweli, na nauandika hapa kwa sababu sitauandika mahali pengine.

Nilikuwa natamani kusema hapana.

Si kwa sababu naamini hapana ni bora. Nimeshaona picha ya moyo ule. Natamani hapana kwa sababu hapana ina wenzake wengi. Nikisema hapana na Limi akafa nyumbani, kijiji kizima kitakuja kulala kwetu. Watasema ilikuwa kazi ya Mungu, alizaliwa hivyo, alikuwa mtoto wa muda. Watanishika mkono. Bibi ataniitikia salamu yote. Lakini ndiyo haina mwenzake. Nikisema ndiyo, naye asipoamka, watasema alikuwa anatembea, alikuwa anakula, dada yake aliyesoma akamchukua akampeleka kufunguliwa kifua. Watalisema msibani, kwa sauti ya chini, nami nitalisikia maisha yangu yote.

Nilisimama kati ya marobota yale nikaona kwamba hofu yangu yote niliyokuwa nikiiita upendo, nusu yake haikuwa ya Limi. Ilikuwa yangu. Nilikuwa naogopa kulaumiwa kuliko nilivyoogopa yeye kupungua.

Yeye ana miaka tisa, na alisimama mpaka akaanguka ili mama yake asilie.

Kwa hiyo nimepiga simu. Sikusubiri kesho. Wenzangu walipoondoka, kabla sijaufungua ukurasa huu, nimepiga. Daktari alipokea, nyuma yake kulikuwa na mtoto analia na mtu anambembeleza. Nikasema, "Ndiyo. Tutakuja."

"Mzazi amekubali?"

"Baba atakubali kwa mdomo wake kesho na kuweka dole gumba lake panapotakiwa," nikasema. "Lakini aliyeamua ni mimi, dada yake. Ningependa ujue ni mimi."

"Ni sawa, dada yake," akasema. "Mvisheni nguo nzito, kwenye basi kuna baridi. Na njiani mwacheni akae anavyotaka."

Barua zote ninazoandika katika ofisi hii natia saini kwa niaba ya meneja. Herufi tatu ndogo, k.n.y., na chini yake jina la mtu mwingine. Tangu niajiriwe sijawahi kuwa mimi niliyesema jambo. Niliipenda kazi hii kwa sababu hiyo, sasa naona. Simu ilipokatika nilibaki nimeishika.

Kesho nitakwenda nyumbani mapema. Nitamwacha Baba aseme kwa sauti yake, kwa sababu ni uani kwake na mama yake yupo. Akimaliza nitasema kwa yangu kwamba ni mimi niliyekubali, hata Bibi akiniacha na salamu yangu mdomoni. Ukuta aliotaka kunipa nitamrudishia. Yeye atauhitaji kuliko mimi, kwa sababu atabaki pale kijijini akisubiri simu.

Mama nitamwomba asilie machoni pa mtoto. Sijui nitamwombaje, mimi mwenyewe nimeandika ukurasa huu nikifuta kibodi kwa kitambaa.

Na Limi nitamwambia nilikosea neno. Nitamwambia kuchuchumaa si ugonjwa, ni dawa, dawa aliyoitengeneza mwenyewe kabla madaktari hawajamjua, na sitaki aiache hata siku moja mpaka wenye dawa kubwa zaidi waichukue kutoka mkononi mwake. Akiniuliza kama itauma, nitasema itauma. Akiniuliza kama ataamka, bado sina la kumwambia. Nimetafuta tangu mchana. Labda nitamwambia kwamba nitakuwa pale, nimekaa karibu na mlango, na nitakuwa mtu wa kwanza kumwona. Hilo ni kweli kwa vyovyote itakavyokuwa.

Upepo umetulia. Mlinzi amegonga dirisha mara mbili, anataka kufunga geti. Nataka kuendelea kuandika, kwa sababu nikiandika bado ni leo.

Keshokutwa tunaondoka watatu, Mama, Limi na mimi.

Tutarudi wangapi?